Kisanduku Kilichomkataa Bibi

Programu ile ilikuwa mafaili saba, na yote niliyaandika mimi, nikiwa mjini Morotonga, kwenye chumba cha kupanga ambacho mchana bati lake lilitoa joto la tanuru. Faili moja lilichora dirisha. Jingine lilipanga visehemu vya kujaza: jina, kitongoji, jinsi, ndoa, watoto. Jingine lilishughulika na vitufe viwili tu, Hifadhi na Futa, na bado lilinisumbua wiki nzima. Matatu sikumbuki yalifanya nini, na sioni sababu ya kujichosha kuyakumbuka. La saba silisahau. Hilo ndilo lililokagua majibu kabla ya kuyahifadhi, na ndilo nililojivunia.

Kazi ilitokana na dhahabu. Kijijini kwetu Nyangoto, miaka ile, asiyekuwa na sururu alikuwa na ndugu mwenye sururu, na mgodi mkubwa ulikuwa unataka kujitanua. Kabla ya mashamba kupimwa, kila kaya iliyokuwa upande ule ilitakiwa iandikwe kwenye kompyuta. Watu walikuwa wakiinua vibanda usiku kucha ili waonekane wana makazi na walipwe fidia, kwa hiyo ofisi iliyonipa kazi ilitaka programu inayouliza maswali makali. Kaya ambayo haimo kwenye orodha ingehesabiwa kuwa haipo. Nilichaguliwa kwa sababu nilisomea kompyuta na ni mtoto wa huko.

Maswali makali niliwapa. Kwenye faili la saba niliandika kwamba mke lazima awe na mume, na mume lazima awe Me. Ukijaza vinginevyo, kinaruka kisanduku kidogo katikati ya kioo: "Taarifa si sahihi. Rekebisha." Chini yake kuna kitufe kimoja, Sawa. Kitufe cha kubisha sikuweka.

Sasa niseme ukweli ambao shuleni sikuwahi kuusema. Mama yangu aliolewa na bibi. Kwetu Wakurya mama asiyepata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa binti, ili nyumba yake isizimike, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo. Tunaiita nyumba ntobhu. Nimelelewa humo, nimekula humo, nimechapwa humo kama watoto wengine wote. Lakini fomu za shule zilipouliza jina la baba, nilibuni marehemu mmoja na kumpa jina zuri. Nilimbeba mpaka chuoni. Ndiyo maana nilipoandika lile sharti la faili la saba, mkono haukusita hata kidogo.

Kompyuta ya mezani ilipelekwa ofisi ya kijiji kwa pikipiki, imefungwa ndani ya godoro, na jenereta ikafuata. Nilibeba programu iliyokamilika tu kwenye diski. Mafaili yenyewe, yale ambayo ningeweza kuyafungua na kurekebisha, yalibaki Morotonga. Kwenda na kurudi ilikuwa siku nzima.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, saa tisa alasiri, bibi na mama walifika mezani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya karani, binti mgeni kutoka Mwanza, macho yananiwasha kwa vumbi.

"Shikamoo bibi," karani alisema.

"Marahaba. Andika nyumba yangu. Huyu ni mke wangu."

Karani alinitazama, akaandika. Kisanduku kikaruka. Akabonyeza Sawa, akarudia, kikaruka tena.

"Kinasemaje?" bibi aliniuliza mimi, siyo karani.

"Kinasema taarifa si sahihi."

"Nani amekiambia hivyo?"

Nilijibu, "Ni mashine tu, bibi."

Nimesema uongo mwingi maishani, lakini ule bado unanichosha.

Karani, kwa nia njema, alishauri bibi aandikwe mjane na mama aandikwe mpangaji. Bibi aligonga meza. "Mimi sikutoa ng'ombe kwa ajili ya mpangaji! Nikifa leo, huyu atakaa wapi? Watamfukuza na watoto wake." Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika, na mwenyekiti wa kijiji aliitazama saa.

"Hicho kitu kinataka nini?" bibi aliuliza.

"Kinataka mume awe mwanaume," nilisema.

Bibi alimgeukia karani. "Basi andika mimi ni mwanaume. Boma nimejenga mimi. Ng'ombe nimetoa mimi. Andika twende."

Karani akabadilisha Ke kuwa Me. Programu yangu ikapokea bila swali.

Nilirudi Morotonga nikafungua faili la saba na kufuta ule mstari. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Lakini orodha ilikuwa imeshafungwa.

Wiki mbili baadaye ilisomwa hadharani, mbele ya ofisi ya kijiji, afisa wa kuhakiki akiita kila mkuu wa kaya. Alipofika kwetu aliita jina la bibi, akaongeza, "mwanaume." Bibi akasimama na kitenge chake. Watu wakacheka. Afisa hakucheka.

"Mama, kaa. Namtaka mwenye jina hili. Kama hayupo, kaya hii naikata."

"Ni mimi."

"Hapa imeandikwa Me. Nani anamjua huyo mwanaume?"

Alikuwa ameshainua kalamu. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, na nilijua nikinyamaza, nyumba yetu itakatwa kwa kalamu ya buluu. Nikasimama.

"Mwanaume hayupo, na hajawahi kuwepo," nilisema. "Huyu ndiye aliyemuoa mama yangu, na mimi ni mtoto wao. Kosa ni la kompyuta... hapana, ni langu. Ile programu niliiandika mimi."

Afisa alimgeukia mwenyekiti, mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Kalamu ikafuta Me, ikaandika Ke, ikaendelea kwenye kaya nyingine.

Bibi alikuwa bado amesimama, ananitazama.

"Nilijua tangu siku ile kuwa ni wewe," alisema. "Kaa chini sasa. Umechoka."