Makuti Yangu Nayo Ruksa

Hebu sogea tusikilizane, wewe uliyewahi kwenda shule na fagio la chelewa begani na kidumu cha maji mkononi. Nataka kukueleza habari ya paa la mama yangu, na nitaieleza taratibu, kwa sababu vijana wetu wameisikia juujuu na wanaisimulia kama kichekesho tu.

Enzi zetu pale Kibiti nyumba ilipita mikononi mwa watu wengi. Boriti na fito za mikoko zilitoka deltani, zikinuka tope la chumvi mwezi mzima baada ya kusimikwa. Siku ya kukandika mtaa wote ulikuja. Sisi watoto tulikanyaga udongo kwa miguu na kurushiana, magauni yetu yakiwa na madoa ya mabibo ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda. Wanawake waliupiga udongo ukutani kwa viganja, na ulipokauka uliziona alama za vidole, ukajua hapa alikandika mama, pale shangazi mwenye vidole virefu. Mchana tulikula wali wa nazi kwenye sinia, na aliyechelewa alikuta ukoko. Kusuka makuti nilifundishwa kabla meno ya utoto hayajanitoka. Mama alivuta kila jani mpaka likalia. "Kuti legelege," alikuwa akisema, "huita mvua kwa jina."

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Unalikumbuka neno lile? Ruksa kufungua duka, ruksa kuleta mitumba, ruksa mfanyabiashara kununua korosho kwa mkulima. Lilizungumzwa mpaka sisi watoto tukaliingiza kwenye kombolela: mwenzako akilalamika kwamba umechungulia wakati wa kuhesabu, unamjibu, "Ruksa!"

Jirani yetu Bwana Salumu, ambaye zamani aliuza chumvi na viberiti juu ya meza, akajenga duka la matofali na kuliezeka bati jipya lililong'aa mpaka kuku wakalikimbia. Tukampa jina Salumu Bati. Wenye nyumba wengine wa mstari wa mbele wakamfuata mmoja mmoja, hata ikabaki nyumba moja tu ya makuti. Ilikuwa yetu, na ilipakana na duka lake.

Nisimwonee mtu. Bwana Salumu alikuwa na sababu mbili za kutaka makuti yetu yaondoke, na moja ilikuwa ya kweli. Kwanza, wanunuzi wa korosho kutoka Dar walisimamisha magari mbele ya duka lake, naye akiliangalia paa letu jeusi anaona haya. Pili, moto. Cheche kutoka jikoni kwetu iliwahi kurukia banda lake la kuku, likaungua upande. Mtu akiogopa moto usimcheke.

Kosa lake lilikuja baadaye. Siku hiyo mimi na mama tulishinda shambani Mtawanya tukiokota korosho. Tuliporudi jioni, upande wa mbele wa nyumba yetu ulikuwa wazi. Makuti yameezuliwa na kurundikwa pembeni, yamekatikakatika, fito zimebaki kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Ukutani yameegemezwa mabati makuukuu kutoka ghalani kwa Bwana Salumu, naye amesimama na kanzu yake nyeupe akingoja kushukuriwa.

"Dada Mwanahawa, nimekusitiri," akasema. "Kesho fundi anakuja kupigilia. Ni zawadi ya jirani."

Mama alikuwa mjane. Nyumba ile ndiyo aliyoachiwa, hakuna nyingine, na mawingu ya vuli yalishaanza kukusanyika. Alitua kapu lake polepole.

"Kaka Salumu, nani kakuomba?"

"Si mimi, dada. Mtaa mzima umekubali."

"Mtaa umekubali paa la nani?"

Asubuhi tulikuwa barazani kwa Mzee Mpili, mjumbe wetu wa nyumba kumi, na watu walijaa mpaka nje. Bwana Salumu akaeleza habari ya moto, na akaieleza vizuri. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mama aliitikia. Kisha akasimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Kwenye moto ana haki. Jiko langu nalihamisha leo, liende kule kwenye mpapai, mbali na kwake na mbali na kwangu. Hiyo ni haki ya jirani. Sasa na mimi niulize. Kaka Salumu, ulipofungua duka ulikatazwa?"

"La. Si ilikuwa ruksa."

"Na bati lako?"

"Ruksa vilevile."

"Basi makuti yangu nayo ruksa."

Baraza likalipuka kwa vicheko. Mzee Mpili akasubiri kelele zipungue, akamwuliza mama kwa upole, "Lakini binti yangu, bati la bure hulitaki kwa nini?"

"Mzee wangu, anayekuezekea bila kuombwa, kesho atakuuliza mbona umechelewa kuamka. Keshokutwa atauliza mgeni wako ni nani. Siku nikitaka bati nitaliweka mwenyewe. Leo nataka makuti yangu juu. Na aliyeezua ndiye aezeke."

Mjumbe akaamua hivyohivyo: Bwana Salumu aezeke kabla ya mvua. Kwa kuwa makuti ya zamani yalikuwa yameharibika, ilimbidi asuke mapya. Laiti ungemwona! Amekaa kwenye mkeka uwanjani petu, kanzu imekunjwa magotini, na mwalimu wetu wa hesabu, Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wandengereko, hakuiacha nafasi ile impite. "Jamani, Mndengereko kasahau kusuka kuti! Njoo Tabora tukufundishe!"

Mama alikuwa akilichukua kila kuti la Bwana Salumu, analivuta, analifumua. "Legelege hili, kaka. Rudia."

"Dada, vidole vyangu vimezoea mizani."

"Vitazoea na hili."

Siku ya tatu majirani walewale waliokubali tuezuliwe wakaja na makuti yao kichwani, kila mmoja na mzigo wake, bila kuitwa na mjumbe. Paa likafungwa, na Bwana Salumu ndiye aliyeshika ngazi. Mvua ya kwanza ilipokatika akapiga hodi.

"Linavuja?"

"Halivuji."

"Kuti langu liko wapi?"

"Hilo hapo, juu ya mlango."

Akaliangalia kwa muda mrefu, akaondoka anatabasamu.

Miaka ikapita, korosho zikatukubalia, mama akanunua bati kwa mkono wake. Akavuka uwanja mpaka kwa Bwana Salumu. "Hodi, kaka. Leo nimekuja kukuomba." Bwana Salumu akaja mwenyewe na ngazi.

Siku hizi nyumba zetu zimezungushiwa kuta zenye vipande vya chupa juu. Vijana hawajawahi kukanyaga udongo, na nadhani wanaamini makuti huota kwenye hoteli za ufukweni. Lakini kupiga picha wanajua! Mwezi uliopita waliirusha picha ya ukuta wa nyumba ya mama, ambayo sasa naitunza mimi, kwenye kundi la simu la mtaa, na maneno chini yake: "Hii nyumba inatuaibisha." Niliwajibu kama alivyonifundisha mama. Ufa ulioelekea njiani nimeuziba, kwa sababu ukuta ungeweza kumwangukia mpita njia. Lakini rangi nitachagua mimi, na siku ya kupaka nitachagua mimi. Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyekuja kushika ngazi pia, na hilo ndilo lililoniuma. Sisi tuligombana, lakini tuligombana barazani, uso kwa uso, na alama za vidole vya waliogombana zilibaki kwenye ukuta mmoja.

Kwa hiyo, ukiona nyumba ya jirani imechakaa, tia simu mfukoni. Nenda mlangoni kwake, piga hodi, muulize anataka nini. Akishakujibu, shika ngazi.