Mlango wa Kizazi

Nina hasira za karibu, sifichi. Mwaka nilipopewa kipaza sauti nizunguke nacho kwenye bajaji kutoka Majengo hadi Malangali, nikitangaza siku za upimaji, nilijua kazi imempata mwenyewe. Mimi ni nesi, na sauti ninayo. "Akina mama wote, njooni mpimwe saratani ya mlango wa kizazi! Ni bure!"

Walikuja walioolewa juzi, watoto mgongoni. Wa umri wa mama yangu, ambao hasa ndio niliowataka, hawakuonekana. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikarudi nyumbani nimevimba, nikawaita wazembe, watu wa kupenda umbea kuliko afya zao.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno.

"Wewe si umesema mlango wa kizazi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Sisi kuzaa tumeshamaliza. Mdogo wako wa mwisho yuko kidato cha nne. Mlango wa nini tena?"

Miaka yote nimelitumia neno lile kazini, kumbe kila aliyemaliza kuzaa alijihesabu hayumo. Na mama yangu mzazi alikuwa mmoja wao: mtoto wake nesi, yeye hajapimwa hata mara moja. Hasira iliniisha, nikaogopa.

Nikavuta kigoda, nikaanza upya. Nikamwambia mlango huo ni sehemu ya mwili, uzae usizae upo palepale. Saratani yake hujijenga kimyakimya kwa miaka, na mabadiliko ya mwanzo yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Akauliza tunapima kwa kitu gani.

"Kwa siki, mama."

"Siki hii ya kachumbari?" Alicheka mpaka punje zikamwagika.

"Ikipakwa, penye kasoro panageuka peupe."

Asubuhi alivaa kitenge cha kanisani, tukaenda. Nesi mwenzangu ndiye aliyempima, mimi nikasubiri nje. Nesi huyo alipotoka aliniambia taratibu kuwa ameona weupe, si mkubwa, na kwamba wanautibu sasa hivi.

Nilipokuwa mwanafunzi, mgonjwa kama yeye angeandikiwa rufaa ya hospitali ya Mbeya, na barua za wengi ziliishia sandukuni. Siku hiyo walitumia kifaa kidogo cha joto, wakaunguza palipo na kasoro kwa muda mfupi tu. Mama alirudi nyumbani Malangali kwa miguu yake, akilalamika kwamba nimemchelewesha kuanika ulezi.

Mwaka uliofuata alipimwa tena. Pasafi kabisa. Nililia mbele ya wagonjwa wangu, wala sikujali.

Jumapili iliyofuata mama alisimama kwenye jumuiya baada ya sala, akawaeleza wenzake kwa Kifipa, bila kipaza sauti na bila haya, kila kitu mpaka siki. Akawaambia na wajukuu wa kike wasifichwe siku ya chanjo ya kuzuia saratani hiyo shuleni, siku hizi ni sindano moja tu. Mimi mwenye cheti ukutani sijawahi kufundisha vizuri namna ile. Nilimjivunia, na bado namjivunia.

Siku ya upimaji iliyofuata alikuja na wanawake kumi na mmoja, wote wa rika lake. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikafungua daftari, nikaanza kuwapanga kwenye benchi kwa madaha.

"Na wewe," mama akasema, "ulipimwa lini?"

Benchi zima likanigeukia. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi hii naijua kuliko njia ya nyumbani. "Sijawahi, mama," nikasema.

Mama akanyoosha mkono. Nikavua koti jeupe, nikampa alishike, nikaingia chumba cha kupimia.