Kibao Chenye Alama za Meno Yangu

Kamba ile ilinuka jasho na mafuta ya taa, na niliijua harufu yake kabla sijaiona. Binti yangu wa miaka saba aliingia jikoni kwetu mtaani Katuba, kibao cha mti kikining'inia shingoni kwa kamba hiyo. "Mama, usikasirike. Ni miye nilisema Kiswahili mu masomo." Nikaelewa kwa nini wiki nzima alimjibu bibi yake kwa kichwa tu. Nilikigeuza kibao. Alama za meno zilikuwepo bado. Meno yangu. Hapo uvumilivu uliniisha.

Mwalimu Ngoy, anayemfundisha binti yangu sasa, alinivika kibao hikihiki nikiwa darasa la nne, msimu mmoja wa mvua, moshi wa kiwanda cha shaba ukitukereketa koo tulipoimbia bendera. Aliyesikika akisema Kiswahili badala ya Kifaransa alikivaa mpaka amnase mwenzake. Tukawa wapelelezi. Mimi sikumnasa mtu. Nilikitafuna kwa hasira. Lakini kila Jumamosi mwalimu huyohuyo alifunga mlango, akalegeza kola ya koti lake la abakosti, akatusimulia kwa Kiswahili kitamu hadithi isiyoisha: ndani ya kilima cha shaba kuna shule ya uchawi, na mwalimu mkali anayewanyang'anya watoto sauti na kuzifungia kibuyuni. Mwalimu huyo wa hadithini alidai anawakinga na zimwi linalowatambua kwa sauti walizorithi kwa mama zao. Rafiki yangu Mujinga alimwamini. Mimi, hata kidogo. Kama anawalinda, mbona anacheka akikaza kizibo?

Jumamosi moja nikauliza, "Mwalimu, ule anachunga sauti za batoto, ao anaziuzisha?"

"Wiki mbili," Mwalimu Ngoy akasema, akanivika kibao. Jumamosi iliyofuata, ndani ya kilima akatokea msichana mwenye swali. Yule mwalimu mkali akafungua kinywa amjibu, sauti haikutoka. Hadithi ikaishia hapo.

Sikatai, Kifaransa chake ndicho kilichonifikisha sekondari. Labda alituhurumia, labda alifurahia; nimechoka kumtafutia sababu. Zamani mama yangu alisema mwalimu hakosei, nikanyamaza. Sasa mama ni mimi.

"Citoyenne, malalamiko ya Kiswahili?" direkta wa shule akaguna, akiniita raia kwa Kifaransa, nilipomkabidhi barua ofisini kwake.

"Iko ya Kiswahili, papa direkta. Soma."

Niliandika hivi: mtoto wangu aachwe aongee. Kibao nimekiambatisha, na hakitarudi shingoni mwa mtu. Mwalimu Ngoy aitwe mbele ya wazazi, aseme zile sauti alizifunga kwa faida ya nani. Nikatia sahihi.