Kifua cha Mbuzi Sokoni Mudzipela

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya uuguzi hapa Bunia. Siku moja mwalimu wetu wa anatomia alinisimamisha mbele ya darasa akaniuliza: kati ya tabaka mbili za plevre kuna nini? Sentensi za Kifaransa nilikuwa nimezishika zote kichwani. Nilijua plevre ni utando laini, kwamba tabaka moja limelifunika pafu na jingine limebandikwa ndani ya mbavu. Lakini hilo la katikati sikulijua. Nikajibu, "Hewa."

Mwalimu alivua miwani. "Kama weye uko na hewa pale," akasema, "tukupeleke hospitali sasa hivi."

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, wasije wakaona machozi.

Niliishi mtaa wa Saio kwa mama mdogo, aliyehamia kutoka Butembo na kufungua meza ya nyama ya mbuzi katika soko la Mudzipela. Jioni nilimsimulia yote huku tukitwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha mchi hewani.

"Miaka mbili unasoma kifua, na hawajakuonesha kifua? Kesho ni samedi. Utakuja na miye."

Kesho yake, Jumamosi, nilimkuta mezani pake sokoni ameniwekea mbuzi mmoja, amekwisha kuchunwa na kutolewa matumbo, ila kifua hakijaguswa. Kati ya tumbo na kifua ulibaki ule msuli mwembamba kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake niliona rangi ya waridi imejibana. Ni mapafu.

"Angalia muzuri," akasema, akautoboa msuli kwa ncha ya kisu.

Hewa iliingia kwa mlio mdogo, na ile rangi ya waridi ikarudi nyuma palepale. Pafu lilisinyaa mbele ya macho yangu. Nikaelewa kwa nini mwalimu alivua miwani.

Mama mdogo akapasua kifua, akaniambia niingize mkono kati ya pafu na mbavu. Vidole viliteleza bila kukwama popote. Nilipovitoa vilikuwa na unyevu tu, kama vya mtu aliyeshika jani lenye umande asubuhi.

"Ni maji kidogo sana," akasema. "Ndiyo inafanya pafu itembee bila kukwaruza. Kuna mbuzi ingine unakuta pafu imeshikamana na mbavu, mupaka ukate na kisu. Ile ilikuwaka na ugonjwa. Ile pafu siuzishi."

Moyo nao ulikuwa na mfuko wake, katikati ya mapafu. Niliushika kwa viganja viwili, nikasahau kabisa kwamba niko sokoni.

Aliyenikumbusha ni mteja. Alikuwa mchimba dhahabu wa makamo, mwenye kofia nyeupe ya sala, aliyesimama muda wote akisubiri paja lake la mbuzi.

"Docta," akaniita, ingawa sikuwa daktari, "na kwa mutu iko vilevile?"

"Ndiyo, papa. Vilevile."

Akashika ubavu wake wa kuume. Alisema kwa wiki kadhaa alikuwa anachomwa pale kila anapovuta pumzi. Sasa maumivu yameisha, Mungu asifiwe, ila akipanda kilima kidogo tu pumzi inakatika.

Lile neno "yameisha" lilinishtua. Tabaka mbili za plevre zinazosuguana huuma. Zikitenganishwa na maji mengi, haziumi tena, lakini pafu linakosa nafasi. Nikamwomba ageuke, nikamgonga mgongoni kwa kidole kama tulivyofundishwa. Upande wa kushoto ulilia kama bidoni tupu ya maji. Wa kuume, chini, ulikuwa bubu.

"Papa, nafikiri maji imejaa pale. Enda hospitali leo."

"Leo? Nyama yangu je?"

"Nyama nitakuwekea," mama mdogo akadakia, akiita pikipiki kwa mkono. "Panda moto, uende. Hapa siuzishi kwa mutu ya kukosa pumzi."

Watu wa meza za jirani wakaangua kicheko, mteja naye akacheka, akakohoa, akapanda pikipiki.

Siku mbili nzima nilihangaika. Labda nimemtisha mtu bure. Siku ya tatu alimtuma mkewe atueleze: walimchoma sindano mgongoni, kati ya mbavu, wakatoa maji ya rangi ya chai nyepesi, akapumua vizuri siku ileile. Wakakuta ni kifua kikuu, wakampa dawa za miezi mingi.

Alizimaliza zote. Alipokuja mwenyewe kutusalimu alikuwa amenenepa, shati limembana tumboni.

"Sasa ninalala pande zote mbili," alisema.

Mama mdogo alimkaribisha kiti nyuma ya meza, nao wakazungumza bei ya mbuzi hadi adhuhuri, wakibishana kwa sauti, na mtu yule hakukatika pumzi hata mara moja.