Mama Alinda Kwenye Mifereji ya Brugge

Tulipowaaga majirani pale kijijini kwetu Ijumbi, mzee Ta Festo aliniuliza tunakwenda kutazama nini hasa huko Ubelgiji. Nikamwambia binti yetu Alinda ameahidi kutupeleka kwenye mji wa kale uliojaa mifereji. Alicheka mpaka akaegemea mgomba.

"Mifereji, Mwalimu? Mvua ikinyesha, kibanja changu chote ni mifereji. Njoo utazame bure."

Ukweli ni kwamba hatukufuata mifereji. Tulifuata mjukuu. Alinda ni muuguzi huko, ameolewa huko, na mwanawe Kemilembe alikuwa anakaribia kutimiza miaka mitano bila sisi kumshika mkono. Tulimjua kwa simu tu, na kwenye simu mara nyingi tulioneshwa paji la uso na dari.

Asubuhi ya kuondoka, ndege ilipopaa kutoka Bukoba na kuingia juu ya ziwa, mke wangu alifunga kidirisha, akatoa rozari. Sikumtania. Zamani mdogo wake, Atugonza, aliondoka Bukoba kwa njia ya maji na hakufika. Tangu hapo Mama Alinda hajakanyaga chombo chochote kinachoelea, hata mtumbwi uliofungwa ufukweni. Samaki anakula, lakini ziwa huligeuzia mgongo.

Wiki ya pili ya kukaa kwa Alinda, siku ya Jumamosi, tulianza safari ya Brugge. Ulikuwa mwezi wa saba, majira yao ya joto. Mkwe wetu Pieter alivaa kaptura. Mama Alinda alivaa kitenge cha njano, sweta, na koti juu yake, kwa kuwa haliamini jua la nchi ya watu. Mkononi alishika kapu la ndizi na maharage aliyoyapika alfajiri.

"Mama, kule kuna migahawa," Alinda alimwambia.

"Iko mingi, ndiyo. Sasa ndani yake wanapika nini?"

Kwenye treni tulikaa kama nusu saa. Nje yalipita mashamba yaliyonyooka kama yamepigwa rula, na ng'ombe wanene wasio na mchungaji. Mama Alinda aliwahurumia. Kemilembe, anayesema Kiswahili cha kuombea maji na biskuti, alikaa mapajani mwa bibi yake akichezea kamba ya rozari.

Tulipofika Brugge, nakiri, nilimsahau Ta Festo na utani wake. Nyumba za matofali zimesimama na miguu majini, kuta zao zimeota maua, madaraja ya mawe yamepinda mgongo kama wazee wanaookota kahawa. Bata wakubwa weupe, wenye shingo ndefu, walipita chini yetu kwa maringo. Mke wangu alisimama akawatazama kwa muda mrefu, nikadhani uzuri umemgusa.

"Mmoja huyu," alisema, "analisha wageni wa kipaimara."

Kabla ya adhuhuri tukafika gatini, mahali pa kupanda boti za watalii. Ni boti za wazi, chini chini, zenye viti kama vya kanisani. Alinda alimbembeleza mama yake. Mimi nikamweleza, kwa sauti yangu ya darasani, kwamba maji yale hayana kina. Akatuambia twende, yeye atatembea kandokando na kututazama kutoka kila daraja.

"Sasa mimi nibaki nawe," nikasema.

"Ukibaki, nani atamshika mtoto? Pieter anashika kamera. Mshike mkanda wa gauni, Baba Alinda. Usiuachie."

Basi nikapanda nikiwa nimekamata mkanda kama mtu anayeongoza mbuzi. Kwenye daraja la kwanza tukamwona, njano tupu, akipunga mkono. Kemilembe akapiga kelele, "Bibi!" Kwenye daraja la pili alikuwepo tena, akihema, koti mkononi. Watalii wengine wakaanza kumpungia. Daraja la tatu, hayupo. La nne, hayupo. Mwongozaji akaendelea kutueleza habari za wafanyabiashara wa kale wa vitambaa, wala sikusikia neno.

Tuliporudi gatini hapakuwa na kitenge cha njano popote. Mama Alinda hakuwa na simu. Kiingereza chake ni "good morning" tu, na muda huo ulishapita. Pieter akakimbilia upande wa kanisa. Sisi tukashika njia ya madaraja, mtoto mgongoni kwa mama yake.

Nilimuuliza muuza chipsi kwa Kiingereza changu chote cha miaka ya ualimu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipa chipsi.

"Baba, hii si saa ya kula!" Alinda akanigombeza. "Ni mimi niliyemleta huku. Nilijua anaogopa maji, nikamleta kwenye mji wa maji."

Nilisimama kwenye daraja nikiyatazama maji yale niliyosema hayana kina, na kwa mara ya kwanza nikayaona kama anavyoyaona yeye.

Hapo boti ikachomoza chini ya daraja, imejaa watalii. Mbele kabisa, wima kama mshumaa wa Pasaka, mikono miwili imeng'ang'ania ukingo, kapu mapajani, amekaa Mama Alinda.

"Mama!" Alinda akapaza sauti.

Akainua macho tu, kichwa hakuthubutu kukiinua. "Mlikuwa wapi nyie? Nimezunguka mji mzima nawatafuta! Mtoto amekula?"

Boti haikusimama. Ikabidi tukimbie sisi kandokando, daraja hadi daraja, mimi na chipsi zangu, huku watalii wakitupungia.

Gatini tukapata habari kamili. Alikuwa amefuata boti isiyo yetu, yenye mtoto aliyevaa kofia kama ya Kemilembe, hadi ikampotea. Aliporudi hakutukuta, kwa kuwa tulishaondoka kumtafuta. Akaona ya kwamba kutoka majini mtu anaona madaraja yote. Akamwonesha mwenye boti kifua chake, kisha maji. Yule mzee, aliyekuwa amekiona kitenge chake madarajani, akampa mkono.

Mguu wake ulipogusa mawe, akaketi kwenye ngazi. Nikaketi naye. Akasema polepole, kwa Kihaya, nami nawaandikia kwa Kiswahili: "Nilikuwa namtaja Atugonza njia nzima. Nilimwambia, mdogo wangu, leo kaa nami."

Nikamshika mkono. Huo ni mkono nisioushika mbele ya watu.

Pieter akafika mbio, jasho linamtoka, na kabla hatujamzuia akamkumbatia mama mkwe wake mbele ya halaiki. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Mama Alinda alikakamaa kama gogo, kisha akampigapiga mgongo mara mbili. "Inatosha, mwanangu," akasema. Halafu akafungua kapu, na mwenye boti akawa wa kwanza kupewa ndizi.

Jioni, jua likiwa bado linawaka saa tatu usiku, jambo ambalo Ta Festo hatalikubali kamwe, treni iliturudisha. Kemilembe alilala kifuani kwa bibi yake.

Sasa tumerudi Ijumbi. Jumapili baada ya misa wanawake humzunguka Mama Alinda awasimulie Brugge. Husema hivi: "Kule mume wangu alipotea, pamoja na mtoto na mjukuu. Nikapanda boti, nikawatafuta, nikawapata." Mwanzoni nilimsahihisha. Nilifundisha miaka mingi, siwezi kuvumilia kosa.

Siku hizi sisahihishi. Nimejifunza kwamba habari zake ndizo zilizo kweli. Nilipotea, ndugu zangu waitu, ughaibuni, nikiwa na mvi hizi, na kuna mtu aliyeingia majini kunitafuta.