Uma Wangu na Vidole vya Baba Ilunga

Nimekosa, jamani! Nimekosa kwa mume, nimekosa kwa jirani, na kosa lenyewe lilianzia mahali pa kufundishwa mema.

Mimi ni mke wa fundi wa reli hapa Élisabethville. Hapa kambini wake tunakwenda foyer kujifunza kushona, kupiga pasi na kutunza ndoa. Siku moja Madamu, mwalimu wetu wa Kizungu, alitufundisha kwamba mume na mke wale meza moja, wapate kuzungumza. Lo! Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Desturi yetu mnaijua. Wanaume hula pamoja uani, kila mke analeta sahani yake. Mimi nikasema ushenzi huo basi! Nikatandika kitambaa, nikafunga mlango, nikampa mume wangu, Baba Ilunga, uma, ule Madamu anaouita forsheti.

Maskini, bukari, ugali wetu huu, kwa uma! Inaponyoka, inadondoka kwenye suruali, nami namkaripia: "Kiwiko! Usitafune kwa sauti!" Kuzungumza kwenyewe kukawa ndiko huko.

Baada ya muda akaanza kula kidogo. Eti tumbo. Kisha anatoka kunyoosha miguu. Akirudi, namshika mkono, nanusa vidole: samaki mkavu na pilipili! Sasa niambieni, mwanaume anayekula kwa uma, vidole vitanukaje samaki? Nikajua kuna mwanamke anampikia.

Na mwanamke nikampata upesi, kwani wivu hauhitaji shahidi. Mama Zaina, mke wa mshonaji kutoka Maniema, ndiye anayejua kupika samaki kwa pilipili kuliko wote. Nikamvaa pale bombani, mbele ya wanawake wote na ndoo zao. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Akatua ndoo yake chini. "Mama, miye niko na bwana yangu. Wako sina na kazi naye."

Aibu ingeishia hapo, nisingeandika. Lakini Jumapili, baada ya misa, Baba Ilunga akaenda tena kunyoosha miguu. Nikamfuata na mwiko mkononi. Nilishaapa kwamba nikimkuta, narudi kwetu na watoto. Akaingia uani kwa Mama Zaina. Haya! Nikausukuma mlango kwa teke.

Wanaume wameketi kulizunguka bakuli. Mume wangu yuko katikati yao, shavu limejaa bukari, mchuzi unamtiririka hadi kiwikoni. Mshonaji mwenyewe yuko ubavuni pake. Mama Zaina anapita na maji ya kunawa.

Nilitamani ardhi inimeze, mwiko na vyote.

Baba Ilunga akameza kwanza. Kisha akasema polepole, "Mama, kwa meza yako niko kama mutoto wa masomo. Hapa njo mahali ninashibaka."

Wenzake wakacheka hadi machozi. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniliza. Madamu alitaka tuzungumze. Mimi nikabeba uma, mazungumzo nikayaacha kulekule darasani.

Kesho yake nilimwomba Mama Zaina radhi palepale bombani nilipomtukania, magoti chini, matope na yote. Akaniinua. "Ninakusamehe. Lakini bukari ya babaume, Jumapili, utaleta weye!"

Ninaileta hadi leo. Siku nyingine Baba Ilunga anakula nyumbani, kwa mkono, mlango wazi, na ananisimulia mambo ya karakana bila kuulizwa. Uma haukupotea, anajikunia mgongo.

Dada zangu, kasomeni, foyer si mbaya. Ila somo la ndoa lisikilizeni mpaka mwisho, na kabla ya kunusa vidole vya mume, muulizeni kama ameshiba.

Jina langu nimelificha, ingawa sijui kwa faida gani. Ingieni kambini mumuulize yeyote nyumba ya Mama Forsheti. Mtaletwa hadi mlangoni, tena kwa vicheko.