Breki ya Mbele

Leo fundi mmoja hapa Arua alipofungua kichupa cha mafuta ya breki, harufu ile ilinirudisha Koboko, nilikokulia.

Baba alibeba abiria kwa pikipiki kuukuu, breki yake ya mbele ikiwa ya waya. Siku moja alipotubeba mimi na mama, ng'ombe walikatiza njia kwenye mteremko, breki haikushika, na mama akaburuza miguu chini mpaka tukasimama. Nyayo zake zilichunika. Mimi niliyekaa katikati yao sikuumia.

Baba alishinda juani akifunga breki ya diski, ile ya mafuta, aliyoitoa kwenye pikipiki mbovu. Kisha akamwita mama waende kliniki kubadilisha bandeji.

"Mama ya watoto, panda. Sasa iko nashika."

"Mimi nimechoka na pikipiki yako. Natembea."

Baba alinipandisha kitini, akaisukuma polepole kando ya mama aliyekuwa akichechemea. Tulipofika mteremkoni, mama alinyoosha mkono, akaibana breki mwenyewe. Gurudumu likasimama papo hapo.

"Sogea," aliniambia, akapanda nyuma yangu.

Baba hakuwasha injini. Alitusukuma hivyo hivyo, jasho likimtiririka, mpaka mlangoni pa kliniki.